Mikono ya Kushoto

Mama mkwe aliumwa mgongo siku ile ile aliyoahidi kubaki na mtoto. Ujumbe wake uliingia saa kumi na mbili asubuhi: "Mwanangu, mgongo umenikamata, hata kuinuka siwezi. Mungu akutangulie." Mungu alitangulia kweli, lakini Mungu habadilishi nepi.

Na siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Saa nne mke wa mwanawe alikuwa na usaili kiwandani. Walishona sare za shule pale, naye alikuwa mkataji kwa miaka minane, hata wenzake wakamwita Mkasi. Mkuu wa chumba cha kukatia alikuwa amestaafu, na kila mtu, kuanzia meneja hadi mfagizi, alijua nani alikiendesha chumba kile mzee alipokuwa akisinzia. Mkasi alikitaka cheo hicho. Alikitaka waziwazi, kama mwanamume anavyotaka cheo na hakuna anayemshangaa.

"Basi mlete wewe," alimwambia mumewe, aliyekuwa mbeba majora katika bohari ya kiwanda hicho hicho na siku hiyo alikuwa na zamu ya mchana. "Kaa naye kwenye benchi nusu saa tu. Nikitoka namchukua."

"Watu watanicheka."

"Wacheke. Mimi nilimbeba miezi tisa, sikuona aliyecheka."

Ofisini meneja hakumwuliza habari za vitambaa. Hakumwuliza unatandazaje tabaka mia bila mkunjo, wala unapangaje vipande ili kitambaa kisipotee bure. Alimwuliza habari za mtoto. Ana miezi mingapi? Bado ananyonya? Akiugua, nani atabaki naye?

"Baba yake," akajibu Mkasi kwa kujiamini. "Yupo naye hapo nje sasa hivi."

Mdomo uliponza kichwa. Meneja aliinuka, akafungua mlango achungulie. Baba mtu alikuwa akimfuta mwanawe kamasi kwa pindo la shati, na makarani watatu wamemzunguka kama bwana harusi. "Jamani, baba huyu!" "Wengine kama hawa wako wapi?" Meneja alisimama pale akitabasamu. Mwezi uliotangulia Mkasi alipomleta mtoto huyo huyo kwa saa moja, meneja huyo huyo alimwandikia barua ya onyo.

Siku ya tatu jina likabandikwa ubaoni. Lilikuwa la mumewe.

"Sikuomba mimi," alisema jioni, macho yakiwa sakafuni. "Waliniita wenyewe. Wanasema wanataka mtu mwenye moyo wa kubeba wajibu. Wewe hawataki kukuelemea, una mtoto."

"Na wewe huna?"

"Si nyumba moja, mke wangu? Si chungu kimoja?"

"Ungekataa."

"Riziki haikataliwi."

Mkasi alimchukia pale pale, bila kuidanganya nafsi yake, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mtoto alikuwa akimchekea baba yake.

Jumapili mama mkwe akaja kupongeza. Mgongo ulikuwa umepona. Alipanda ngazi za ghorofa tatu bila kupumzika, akapiga vigelegele mlangoni hadi majirani wakachungulia. "Huyu nimemlea mwenyewe!" alisema. "Na wewe mwanangu, sasa utulie, ulee." Mkasi akampigia mama yake mzazi apate pa kulilia. Mama mzazi naye akamwambia, "Vumilia, mwanangu. Angalau wako anashika mtoto." Angalau! Tangu siku hiyo neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wiki mbili aliagizwa amfundishe mkuu mpya kazi. Akamfundisha. Kitambaa hiki kina uso na mgongo, alimwambia; kitandaze uso kwa uso, ndipo kila kipande kipate mwenzake. "Nimeelewa, nimeelewa," alijibu mumewe, akitazama huku na huku kama wamemsikia. Wiki ya tatu mtoto akashikwa na homa. Nani abaki nyumbani? Hilo hata halikujadiliwa. Mkuu wa chumba haachi chumba.

Siku ya pili ya homa, saa tano, simu ililia. Alikuwa meneja mwenyewe: njoo upesi. Mkasi akamfunga mtoto mgongoni akaenda, na safari hii hakuna aliyetaja barua ya onyo.

Mezani kulikuwa na marundo ya mikono ya mashati, sare za shule nzima. Aliinua mmoja, akainua wa pili, akachomoa mwingine katikati ya rundo. Yote ya kushoto. Mumewe alikuwa ametandaza kila tabaka uso juu. Mikono mia sita, na hakuna hata mmoja wa kulia.

"Fundi," meneja alisema kwa upole ambao Mkasi hakuwahi kuusikia kwake, "tuokoe. Hakuna namna?"

Namna ilikuwepo. Alikuwa ameshaiona: nusu ya mikono ile iwekwe kwa oda inayofuata, na majora mawili yaliyosimama ukutani yatoe ya kulia, ukiyapanga kwa akili. Alifungua kinywa, akakifunga. Kisha akaifungua mbeleko.

"Shika cheti chako," alimwambia mumewe, akimwekea mtoto mikononi. "Dawa yake saa saba." Akamgeukia meneja. "Huyu mdogo ndiye mliyempa kazi. Mwulizeni yeye namna."

Akauelekea mlango. Alijua kesho hana kazi, na pengine hana nyumba. Nyuma yake mtoto alianza kulia, na kwa kilio hicho maziwa yakamlowesha blauzi kifuani. Hakugeuka. Alipopita kwenye cherehani akasikia, "Maskini, baba wa watu kaachiwa mtoto mgonjwa. Mama gani huyu?" Aliyesema ni mshonaji aliyekula naye benchi moja miaka minane.

Getini mlinzi alimsimamisha. Tangu mtoto azaliwe, mumewe alikuwa akitoka geti hilo kila siku mikono mitupu, na mlinzi humfungulia akimtakia safari njema.

"Mama," mlinzi aliuliza, akimtazama mgongoni, "mtoto yuko wapi?"

"Yuko kazini," akasema, akapita.