Chochote Chenye Waya

Vumbi la unga lilikuwa hewani, na jua la asubuhi lilikuwa limelishika. Kwa miaka yote ambayo Mama Keki alioka katika jiko lile, unga haukuwahi kuondoka wote. Ulikaa nyuma ya birika, ukakaa chini ya blenda, ukakaa kwenye mikunjo ya pazia kama mgeni asiyejua kuaga. Mumewe akipita hapo alijikung'uta koti lake jeusi, akasonya. "Unga wako huu!" Kila asubuhi, unga wako huu. Na kila mashine iliyokuwa juu ya meza ile ilinunuliwa na unga huohuo.

Leo anahama. Hahami kwa kupenda, hapana. Mumewe ni dalali wa nyumba, na dalali amepata mke mwingine, na mke huyo anaingia Ijumaa. Ameshaambiwa kwamba jiko limekamilika, hakosi kitu.

Huyu wa zamani aliambiwa mengine. Dalali alisimama mlangoni akichezesha funguo, akatumia sauti ileile ya kuwatembeza wateja vyumbani. "Nguo chukua. Vyombo chukua. Ila chochote chenye waya ni cha nyumba. Ndiyo kawaida yetu sisi madalali. Kilichochomekwa ukutani hakiondoki na mtu."

Chochote chenye waya ni cha nyumba. Aliyasema hayo bila hata kumtazama usoni.

Mama Keki, maana ndivyo mtaa mzima unavyomwita, akazihesabu mashine zake kwa macho. Birika, na libaki. Blenda, na ibaki. Lakini pembeni pale ilikuwepo mashine ya kukorogea keki, nzito, nyeupe, iliyobanduka rangi shingoni, na hiyo ndiyo iliyomkata maini. Hiyo ndiyo mikono yake. Jumamosi kuna bibi harusi anasubiri keki ya ghorofa tatu, na keki ya ghorofa tatu haikorogwi kwa mwiko. Akiikosa mashine, amekosa kazi. Dalali alilijua hilo vizuri kabisa.

Akaenda zake kazini, akamwachia dada yake ulinzi. Wifi akavuta kiti, akakaa mlangoni.

"Usinichukie, wifi yangu. Nimetumwa tu."

"Nani kakuchukia? Kaa. Tena kaa karibu, uone vizuri."

Mama Keki akaanza kufunga mizigo. Jamani, akaanza kufunga!

Akalinyanyua birika la umeme. Kitako kikabaki mezani na waya wake. Akamnyooshea wifi birika. "Lina waya hili?" Wifi akaligeuza juu, akaligeuza chini. Halina. Basi likavishwa gazeti, likalazwa katika boksi.

Na wewe blenda, mpiga kelele wangu, njoo. Jagi lina waya? Halina. Akaling'oa, akalifunika taulo. Injini ikabaki imekodoa macho juu ya meza, haina kichwa. Na wewe jiko la wali, fungua tumbo. Sufuria yako ya ndani ina waya? Haina. Ikatoka, ikapokewa, ikafungwa. Toasta ilikuwa haina cha kung'oka, kwa hiyo akaiachia makombo yake yote.

Akafika kwenye mashine ya keki. Bakuli lake halitoki kwa nguvu, lina ujanja wake: unalisukuma kidogo kwa nyonga, unalizungusha nusu, unalinyanyua. Akalisukuma, akalizungusha, akalinyanyua. Kisha akachomoa kipigio cha mayai.

Wifi akaruka. "Hicho weka chini! Hicho ni waya mtupu!"

"Kinachomekwa wapi, wifi? Puani?"

Wifi alitaka kukasirika, akashindwa. Akacheka mpaka akajiziba mdomo kwa ukingo wa mtandio. "Haya, weka. Lakini mimi simo."

Krrr, ikalia selotepu. Krrr, tena. Kila alipoivuta aliona raha, raha kali ya kuwasha koo, na wala hakuionea haya. Mwache aje. Mwache aamke alfajiri ya kwanza na bibi yake mpya, atake chai. Abonyeze, taa nyekundu iwake, na pasiwe na maji wala mahali pa kuyatia maji. Mwache asonye. Mwache amweleze mgeni, kwa ile sauti yake tamu ya kuuzia nyumba, kwamba jiko limekamilika.

Alihamia vyumba viwili vya uani kwa mama mmoja mjane. Mama huyo aliwahi kuuza nyumba yake ya kwanza kupitia dalali huyohuyo, na hadi leo ukimtaja mbele yake anatema mate pembeni.

Lakini raha ya kisasi haikorogi keki. Alhamisi alikaa na bakuli mapajani, akapiga mayai kwa uma, akapiga, akapiga, mpaka mkono ukafa ganzi na mayai yakabaki mayai. Ndipo alipolia. Alilia kwa hasira, alilia kwa bakuli lisilo na mashine, alimchukia mtu yule kwa moyo wake wote. Akafuta macho kwa kiwiko. Akasubiri.

Ijumaa mchana simu ikalia.

"Vichwa vya mashine viko wapi?"

"Ninavyo."

"Unaniaibisha, wewe! Mgeni yuko hapa, hata chai hajanywa. Nimezunguka maduka yote, wanasema jagi haliuzwi peke yake."

"Pole."

"Nakuja kuvichukua."

"Vichukue tu," akasema, na sauti akaitia sukari. "Ila njoo na mashine zake, nikufungie mwenyewe. Lile bakuli lina ujanja, ukilikosea linavunjika meno. Si unajua?"

Hajui. Hajawahi kushika kitu jikoni mle isipokuwa sahani iliyojaa. Na katika aliyomwambia, neno la uongo halikuwemo.

Akaja. Loo, akaja mwenyewe, koti jeusi, viatu vinang'aa, boksi begani, jasho linamtiririka mpaka shingoni! Akavuka ua, akampita mama mwenye nyumba aliyekuwa akianika nguo, akaingia, akatua mzigo juu ya meza. Mama mwenye nyumba akaacha kuanika, akasogea mlangoni na shuka lake mkononi.

Mama Keki akavitoa kimoja kimoja. Kitako cha birika, akakichomeka. Injini ya blenda, akaichomeka. Jiko la wali, akalichomeka. Mwisho akaikumbatia ile nzito, nyeupe, akaiweka chini ya dirisha, akaichomeka pia. Nyonga, nusu, ka! Bakuli likakaa. Akatia siagi, akatia sukari, akamimina unga. Akawasha.

Ikaunguruma. Sauti ile ikamwingia kifuani, ikakaa mahali pake.

"Haya, inafanya kazi," akasema dalali. "Zima, nifungie, niondoke."

"Uondoke nayo wapi?"

"Nyumbani."

"Na hapa ni nyumba ya nani?"

"Si yako? Ya nini maswali?"

Mama Keki akainama. Akaushika waya pale unapotoka kwenye mashine, akaufuata kwa kidole polepole, mpaka ukutani.

"Chochote chenye waya," akasema, "ni cha nyumba. Kilichochomekwa ukutani hakiondoki na mtu."

Dalali akasogea karibu. Akaunyoosha mkono kwenye soketi.

"Ebu thubutu!" Mama mwenye nyumba alikuwa ameujaza mlango wote. "Si ndivyo ulivyoniambia mimi, siku ulipomwachia mnunuzi feni zangu? Nililia mbele yako. Ukaniambia ndiyo kawaida. Leo kawaida imebadilika? Sema, nikawaite na wateja wako wengine waje wasikie."

Mkono ukarudi. Akawatazama wanawake wawili, akalitazama boksi lililobaki tupu, akatafuta ile sauti yake ya kuuzia nyumba asiione.

"Toasta unayo," Mama Keki akamwambia. "Mkaribishe mgeni."

Akaongeza kasi. Unga ukapanda kutoka bakulini, ukasimama hewani, na jua la dirisha jipya likaushika. Ukatua taratibu juu ya meza, juu ya mikono yake, juu ya mabega ya koti jeusi. Dalali hata hakujikung'uta.

"Unga wako huu," akanong'ona.

"Wangu," akamjibu, na kupasua yai la kwanza.