Kundi la Mama Pindo

Walimwita Mama Pindo kwa sababu nguo ikitoka mikononi mwake, pindo halifumuki hata uivute vipi. Lakini kilichompa sifa si magauni. Tangu aondolewe titi la kushoto kwa sababu ya saratani, alikuwa akishona sidiria zenye mfuko ndani, na pamba iliyokatwa kufuata umbo la mvaaji. Wanawake waliofanyiwa upasuaji kama yeye wakaanza kumtafuta, naye akawafungulia kundi kwenye ule mtandao mkubwa ambao kila mtu yumo, kuanzia mkwe mpaka muuza mkaa. Humo walicheka, wakalia, wakaelekezana ubavu wa kulalia.

Halafu mtandao ukaanza kumtoa roho. Akiweka picha ya sidiria mpya, inafutwa: inakiuka maadili. Sidiria yenyewe imelazwa juu ya mto, haijavaliwa na mtu! Lakini matangazo ya unga unaoponya saratani bila kisu yalipita humo humo kundini bila wasiwasi. Alipolalamika, jibu lilikuja hata simu hajaiweka chini: "Tumepitia. Tangazo halina kosa."

"Wamepitia saa ngapi?" alimuuliza mdogo wake.

"Mashine hiyo, dada. Wewe ulidhani kuna mtu?"

Siku moja alisikia kwamba mwalimu wa hesabu, mcheshi kuliko wote kundini, ameacha kwenda hospitali kuchomwa dawa. Akampigia.

"Natumia ule unga," mwalimu alisema. "Nimeuona kwenye kundi lako, nikajua wewe umeukubali."

Ilimchukua Mama Pindo simu nyingi na machozi kumrudisha mwalimu hospitali, na alirudi amekonda kama uzi.

Ndipo shemeji yake, mume wa yule mdogo, aliyekuwa akifunga nyaya za intaneti maofisini, alipomwambia, "Shemeji, hameni. Ipo mitandao isiyo na mwenyewe mmoja. Kila kundi lina nyumba yake na sheria zake, na nyumba hizo zinasalimiana. Nyumba yenu itakuwa haina matangazo. Mkikosana na aliyewajengea, mnabeba virago mnahamia nyingine, na bado mnaonana."

"Na wanawake wangu?"

"Hao sasa, itabidi uwabebe wewe."

Shemeji akajenga, Mama Pindo akatangaza. Majibu yakaja. "Neno la siri jingine tena? Hili moja tu linanitoa jasho." "Ndugu zangu wote wako huku, huko nitaongea na nani?" "Tangulia, tunakuja." Aliyekuja kweli alikuwa mwalimu, na wengine wachache nyuma yake. Mama Pindo hakuwalaumu waliobaki. Yeye mwenyewe wateja wake, binamu zake, hata picha za mama yake marehemu, vyote vilikuwa kule.

Akarudia kutangaza anwani ya nyumba mpya. Safari hii mtandao ukasema anasambaza utapeli, ukamfungia. Sasa hawezi kuingia, hawezi kufuta tangazo, hawezi hata kulivunja kundi alilolianzisha. Kundi likabaki wazi na jina lake juu, na wauza unga ndani.

Akawa anachungulia kupitia simu ya mdogo wake. Wakakuta mgeni ameandika: "Napasuliwa wiki ijayo. Kuna mtu humu?" Wa kwanza kumjibu alikuwa muuza unga.

"Mpe anwani yetu, haraka!"

Mdogo wake akaiandika. Ikapotea. Akaandika tena, ikapotea tena.

Mama Pindo alisimama, akazunguka cherehani, akakaa. "Basi usiandike anwani. Andika: Alhamisi asubuhi nitakuwa kliniki ya saratani, benchi la mlangoni. Mimi fundi wa sidiria. Njoo tuongee."

Hiyo haikufutwa.

Alhamisi akaja msichana mwembamba, kopo la unga kwenye mkoba. "Wameniambia wewe unatumiwa na hospitali," alisema bila salamu.

"Njoo huku, mwanangu."

Wakaingia chumba cha kubadilishia nguo. Mama Pindo akafungua vifungo vya blauzi. "Gusa."

Msichana akagusa sidiria, kisha kovu. "Linauma?"

"Siku hizi haliumi. Liliuma, sikudanganyi."

Msichana alilia pale mpaka muuguzi akagonga mlango. Wiki iliyofuata alipasuliwa, na alipopata nguvu akaingia nyumba mpya. Swali lake la kwanza humo lilikuwa: "Mbona kule hamkutuambia kama mpo huku?"



Jioni hiyo mdogo wake alileta simu kama kawaida. Kule kundini walikuwa wameingia wageni wengine wawili, kila mmoja ameshajibiwa.

"Niandike Alhamisi ile ile?"

Mama Pindo alikuwa na gauni la bibi harusi mapajani, nusu limeshonwa. Alilisukuma pembeni.

"Andika. Nitafanyaje?"