Kilichomvimbisha Fundi Mdomo

Fundi alizoea kushika pini kwa midomo. Alizibana pembeni, vichwa vikiwa nje, akazichomoa moja moja huku akipiga soga, na wateja wakabaki kushangaa jinsi asivyozimeza.

Asubuhi hiyo alikuwa amepiga magoti mbele ya mwalimu mmoja wa sekondari, akimpimia pindo la gauni la kijani. Kwenye cherehani ya dirishani alikaa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, maana akishawashwa hazimiki.

"Wifi, mbona mdomo umekaa upande? Mmegombana na kaka?"

Fundi akajigusa. Mdomo wa chini ulikuwa umejaa, umekaza, wala hauwashi wala hauumi. Akazitemea pini kiganjani.

"Pini hizi tena!"

"Si nilikwambia zina kutu?"

"Za kutu nilitupa mwezi uliopita, mdomo ulipovimba mara ya kwanza. Hizi mpya kabisa."

Mara ile ulivimba mchana, jioni ukanywea wenyewe, wakacheka, yakaisha. Hata kikohozi kikavu kilichokuwa kikimkera alikisingizia vumbi la vitambaa. Fundi ndivyo alivyokuwa: likimpata jambo, mchawi wake ni kazi yake.

"Leo kaka akikubusu atadhani amebusu mto," Redio akasema, akacheka mpaka uzi ukamponyoka.

Mwalimu naye alicheka, halafu akainama kumtazama vizuri. Mdomo wa juu ulikuwa unaumuka mbele ya macho yao. Fundi alipojaribu kusema, sauti ilitoka nzito, kama ya mtu anayeongea na tonge kinywani.

"Usihangaike, wifi, presha isije ikakupanda. Dawa umemeza leo?"

Fundi akaitikia kwa kichwa. Aliimeza mapema, kama kawaida yake, kabla ya chai.

"Ongeza basi nyingine. Hofu hii haitulizwi na kidonge kimoja."

Redio akapekua mkoba wa wifi yake, akatoa kidonge, akamwekea ulimini na kumnywesha maji. Maji yote yakarudi kidevuni, na kidonge kikaangukia sakafuni kati ya vipande vya kitambaa. Ulimi ulikuwa umejaa kinywa kizima.

Redio akamfuta kidevu kwa kiganja.

"Gari langu liko nje," mwalimu akasema. "Mshike mkono. Twende!"

Hakukumbuka hata kuvua gauni. Aliendesha hivyo hivyo na pini pindoni, na kila alipokanyaga breki aliguna "Aa!", lakini hakupunguza mwendo. Nyuma, Fundi alikuwa akivuta pumzi kidogo kidogo, kama anayeinywa kwa mrija. Hakuwaza gauni wala mume. Aliwaza pumzi inayofuata: itapita?

Hospitalini hawakumlaza. Walimkalisha wima, wakamvisha barakoa ya hewa, wakamchoma sindano. Daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, akaweka kando ya kitanda mpira wa kupitishia pumzi kooni. Fundi aliutazama, akaelewa bila kuambiwa.

"Anatumia dawa gani?"

"Hatumii kitu, daktari. Ni pini," Redio akajibu.

"Dawa yoyote."

"Labda hii ya presha tu. Anaimeza tangu mwaka jana, haijamfanya kitu."

Daktari akapokea pakiti, akasoma jina. "Ni hii."

"Hii? Iliyoandikwa na daktari mwenzako?"

"Na aliandika vizuri. Ni dawa nzuri, inalegeza mishipa ili damu ipite bila kusukumwa kwa nguvu. Lakini ndani ya mwili inazuia kitu fulani kufanya kazi, na kwa watu wachache kuzuia huko kunafanya maji yavuje kutoka kwenye mishipa. Yanajaa midomoni, kwenye ulimi, hata kooni. Mtu anaweza kuimeza mwaka mzima salama, halafu siku moja ikamgeuka. Na kama amekuwa na kikohozi kikavu, huenda nacho kimetoka humo humo."

Redio akashika ukingo wa kitanda. "Daktari... mimi nilikuwa nampa ya pili."

Daktari hakumgombeza. Akamvutia kiti.

Uvimbe ulinywea taratibu mno. Mpira haukuguswa. Jua lilipokuwa linashuka, Fundi aliweza kumeza mate yake mwenyewe, akalia kwa furaha ya kumeza mate.

"Hii na ndugu zake wote usiimeze tena maishani," daktari alimwambia. "Nitakupa ya ukoo mwingine. Hiyo ukiona inakuvimbisha miguu, njoo tuzungumze."

Redio akatoa pakiti kwenye mkoba wake. "Na hii yangu? Jina lake jingine, na rangi yake nyingine."

Daktari akaitazama. "Tumbo moja na ile."

Redio akaifinyanga, akanyoosha mkono kwenye pipa la taka.

"Usitupe! Wewe imekukubali, na ukiacha ghafla presha itapanda. Endelea nayo. Ila ukiona mdomo au ulimi unavimba, usiongeze kidonge, usingoje jioni. Njoo mbio."

Redio akaitazama pakiti iliyojikunja kiganjani, kisha akamtazama wifi yake.

"Imeze," Fundi akasema, ulimi bado mzito. "Kila asubuhi nitakukagua mdomo. Na wewe unikague wangu."