Soksi za Wekoye

Kitu cha kwanza ambacho Lenah alikitazama kwa Wekoye kilikuwa soksi zake. Wekoye aliliona hilo. Alikuwa ameketi uani kwa Mzee Barasa, baba yake Lenah, karibu na Chwele, amevaa koti lake la jeshi. Suruali ikapanda kidogo, soksi zikaonekana: za kijivu, nyuzi zimekazana sawasawa, kisigino kimekaa kana kwamba kilizaliwa na mguu.

"Nani alikufumia hizo?" Lenah akauliza. Alikuwa amejifunza kufuma kwa akina mama wa kanisa, na kutoka Chwele mpaka Bungoma hakuna msichana aliyemshinda.

Wekoye akajibu, "Dada yangu. Peris, yule aliyeolewa Kimilili."

"Soksi kama hizi hazifumwi hivi hivi tu," Lenah akasema, bado ameinama anatazama. "Anayefuma hivi anakupenda. Haya, kama ni dada, mwambie aje Bungoma kwenye maonyesho ya akina mama mwezi ujao. Nataka kuuona mkono wake."

Wekoye akaitikia kwa kichwa. Soksi zile alikuwa amezifuma mwenyewe.

Vita vilikuwa vimemrudisha nyumbani mwaka mmoja nyuma, mkono wa kushoto umepasuliwa na chuma huko Burma. Katika hospitali ya jeshi daktari alimpa sindano nne za kufumia na bunda la sufu, akamwambia afume mpaka vidole vikumbuke kazi yake. Vidole vilikumbuka. Lakini mkono ulipopona hakuacha. Alipopata kazi ya kuendesha gari la ng'ombe kwenye shamba moja la mahindi nje ya Kitale, alizibeba sindano zile ndani ya kopo la chai. Kila Jumapili, mvua ya Kitale ikipiga mabati, yeye alikuwa kitandani anafuma. Mwenzake wa chumba, Gicheru, mtu wa Nyeri, alikuwa akiketi mlangoni na kukohoa kwa nguvu kila mtu alipokaribia. Hakuwahi kuuliza kwa nini akohoe. Alikohoa tu, mwaka mzima.

Maana kwao Wekoye mkono wa mwanamume ulikuwa wa jembe la ng'ombe na wa kamba ya fahali. Alimjua mzee mmoja aliyekutwa akisonga ugali siku mkewe alipokuwa mgonjwa. Miaka thelathini ilikuwa imepita na watoto walikuwa bado wanamwita Mwiko. Msichana kama Lenah, mwenye shingo ndefu na jibu kwa kila neno, angemtaka Mwiko wa nini? Alimtaka askari. Ndivyo Wekoye alivyofikiri, na ndivyo alivyofikiri kaka yake Lenah, Mukhisa, aliyekuwa akipakia magunia kwenye stesheni ya Bungoma na kupenda hadithi za vita kuliko chakula.

"Siku hiyo ya maonyesho baba atakuja," Mukhisa alimwambia Wekoye akimpiga bega. "Hapo ndipo utapata jibu la posa yako. Mimi nimeshamwambia, afande ni mwanamume kamili."

Peris aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akashika mbavu. "Mimi? Mimi nikishona kifungo kinaanguka kabla ya kanisa kuisha!" Halafu akamtazama kaka yake, akaacha kucheka. "Haya, fuma jozi nyingine uniletee. Nitazipeleka, nitakaa kimya, nitarudi. Sitaki ukose mke kwa sababu ya miguu."

Siku ikafika. Ua wa shule ya kanisa pale Bungoma ulijaa watu. Wanaume walisimama upande wa ukuta, wanawake wakaketi kwenye mikeka mbele, na juu ya meza ndefu zikapangwa fulana, vitambaa na soksi. Mzee Barasa alikuwa amepewa kiti.  Mukhisa alisimama karibu na Wekoye, harufu ya magunia bado iko mwilini.

Mama Nakhungu, kiongozi wa akina mama, alizishika soksi moja moja, akazivuta, akazigeuza ndani nje. Mwisho akainua jozi mbili. "Hizi za Lenah ni za pili," akasema. "Za kwanza ni hizi za Peris wa Kimilili."

Vigelegele vikapigwa. Lenah alipiga makofi kama wengine, lakini Wekoye aliona alivyouma mdomo.

Hapo mambo yangekwisha. Ila Mama Nakhungu alikuwa mwalimu kwa asili yake. Akavuta kigoda, akaweka soksi iliyofumwa nusu na sindano zake nne, akasema kwa upole, "Njoo binti yangu, keti hapa. Tuoneshe unavyokigeuza kisigino. Hawa wasichana wangu wote wanashindwa hapo."

Peris akaketi. Akashika sindano kama mtu aliyeshika mkia wa nyoka. Akachomeka, ikatoka, akachomeka tena, mishono mitatu ikateleza.

"Mikono inanitetemeka, mama," akasema.

"Pole. Pumua kwanza."

Akapumua. Mishono miwili zaidi ikateleza. Minong'ono ikaanza mkekani, kisha sauti moja ikapanda: "Si amezinunua hizo! Hizo ni za dukani Kitale!" Nyingine ikadakia, "Ati anakuja kudanganya kanisa, mwizi huyu!"

Peris alikuwa ameinama, jasho linamtoka. Neno moja tu lingemwokoa, jina la kaka yake, na hakulisema. Wekoye alimwona akikaza midomo ili lisimponyoke.

Lenah naye hakuwa akimtazama Peris. Alikuwa ameuelekeza uso wake ukutani, kwa Wekoye, kisha macho yakashuka mpaka miguuni pake.

"Dada yako ametuaibisha, bana," Mukhisa akanong'ona.

Siku ya kutahiriwa kwake, Wekoye alisimama uani mbele ya ukoo mzima, udongo wa mtoni umemkauka mwilini, na hakupepesa jicho. Siku ile alijua kwamba akisimama imara watamsifu. Leo alijua kwamba akisimama watacheka, na baada ya kicheko Mzee Barasa atainuka na kwenda zake, na Lenah pamoja naye. Akamtazama dada yake. Akatoka ukutani.

"Si mwizi," akasema kwa sauti iliyofika getini. "Soksi ni zangu. Nimezifuma mimi."

 Kicheko kikapasuka upande wa wanaume, na cha Mukhisa kilikuwa kikubwa kuliko vyote, kicheko cha mtu asiyetaka kuamini. Wekoye akamshika Peris mkono, akamwinua, akaketi yeye kwenye kigoda katikati ya wanawake, magoti yamefika karibu na kidevu. Akaanza kuokota mishono iliyoteleza.

"Afande!" Mukhisa akaita. "Na kunyonyesha je, unajua pia?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mshono mmoja ukamponyoka Wekoye. Mama mmoja asiyemjua akasogea, akalishika bunda la sufu lisiviringike vumbini, akakaa karibu kama vile ni jambo la kila siku. Wekoye akauokota mshono.

"Kunyonyesha sijui," akasema bila kuinua kichwa. "Hii nilifundishwa hospitalini, baada ya ile siku ya mto kule Burma ambayo unapenda nikusimulie. Wodi nzima tulikuwa tunafuma, Mukhisa. Yule sajini niliyekwambia, aliyetubeba watu wawili mgongoni, alikuwa anafuma kofia ya mtoto wake. Ungeingia pale ukacheka?"

Mukhisa akaacha kucheka.

Wekoye aliendelea. Alifuma mpaka nusu ya mstari, akageuza kabla ya kufika mwisho, akarudi, akageuza tena, na kila alipogeuza kile kitambaa kilijikunja kidogo. Kicheko kilipungua. Wasichana wakasogea mbele kwa magoti. Sindano zililia tik tik tik, na polepole, mbele ya macho ya watu wote, kisigino kikatokea, cha mviringo, kama kikombe. Mama Nakhungu akakiweka kwenye ngumi yake, akakiinua juu.

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mpaka stesheni.

Lenah akasimama. Akaja mpaka mbele ya kigoda, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke aliyekufumia hizo soksi."

"Hakuna."

"Na Kitale huna mtu?"

"Niko na Gicheru."

"Gicheru ni nani?"

"Ni mwanamume, ana ndevu. Huwa ananikoholea."

Lenah akajitahidi asicheke, akashindwa. "Mwezi mzima," akasema, "silali vizuri nikifikiria kuna mwanamke huko mwenye mkono kama huu. Kumbe nilikuwa nakuonea wivu wewe mwenyewe!" Kisha akaketi mkekani, bega lake karibu na goti la Wekoye, mbele ya kaka yake na mbele ya Bungoma yote. "Haya, rudia. Hapo ulipogeuza mara ya pili sikuona. Na usiende mbio."

"Lenah!" Mukhisa akaita.

"Ulisema utaniozesha mwanamume asiyeogopa watu," Lenah akamjibu bila kugeuka. "Unataka mwingine wa kumshinda huyu? Mlete."

Mukhisa akakuna kichwa. Akatazama huku na huku, akaona hata wale waliokuwa wakicheka naye wamenyoosha shingo waone sindano. Akaja akachuchumaa nyuma ya dada yake, akatazama na yeye.

Mzee Barasa aliinuka kitini polepole, akaegemea fimbo. Wekoye alipoona viatu vyake vimesimama mbele ya kigoda alitaka kusimama kwa heshima, lakini mishono yote ilikuwa juu ya sindano.

"Kaa, mwanangu, usiiharibu," mzee akasema. "Waambie watu wako waje Jumamosi tuongee habari ya ng'ombe wa mahari."

"Ndiyo, mzee," Wekoye akasema, na akaumaliza mstari.