Kitambaa cha Ndani

"Kata," dada alisema. "Usinitazame. Kata."

Gauni lake la bluu lilikuwa magotini mwangu, limepinduliwa ndani nje, na mkasi nimeushika kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiye wake. Kandokando ya kila mshono palikuwa na kitambaa kilichokunjwa, mkunjo juu ya mkunjo, maana gauni lile nililipunguza kila mwili wake ulipopungua.

Shule niliiacha tukiwa kwenye hesabu za kutoa. Mwalimu alichora vijiti ubaoni, akafuta baadhi, akauliza vimebaki vingapi. Kwa haya zangu sikuthubutu kuuliza vilivyofutwa vimekwenda wapi. Jibu nilikuja kulipata kwa fundi aliyenipokea, mama mnene mwenye pini mdomoni kutwa nzima, hata tukamwita Mama Pini.

"Kupunguza si kukata," aliniambia. "Ukikunja, mtu akinenepa unamfungulia. Ukikata, umemhukumu."

Basi dada alipoanza kuumwa, nikakunja. Mara ya kwanza alijigeuza mbele ya kioo, huku na huku.

"Kiuno hiki wenzangu wanakililia," akasema. "Mimi nimekipata bure."

Tukacheka. Mara ya pili alicheka peke yake. Kila nilipomaliza kushona alipitisha vidole kwa ndani, akiupapasa mshono.

"Bado nimo humu?"

"Umo, dada. Umo wote."

"Usinipoteze, basi. Nikipona nataka kurudi mzima mzima."

Hakurudi. Alibaki mifupa na ngozi, wa kulala tu, na nguo nyingine hataki. Ndipo mikunjo ile, niliyoiweka kwa mapenzi, ikaanza kumchoma mbavu. Asubuhi ile nilipomgeuza nimwogeshe, niliona ngozi imechubuka, imefuata mshono kama njia iliyochorwa kwa chaki.

"Mama Pini alisema tusikate," nilimwambia.

"Mama Pini halali juu ya mishono, mdogo wangu. Ninayelala ni mimi."

"Na ukinenepa?"

Nje jirani alikuwa akikung'uta godoro, pu, pu, pu.

"Utanishonea jingine," akasema, na kwa jinsi alivyolisema nikajua ananihurumia mimi.

Nikakata. Kitambaa cha ndani kilikuwa bado na bluu yake ya dukani, hakijaona jua. Vipande vilianguka sakafuni kimoja kimoja. Dada alivitazama, kisha akataka avikwe gauni. Akalala ubavu, usingizi wa kweli, mdomo wazi kama alivyolala utotoni.

Gauni lile halikupunguzwa tena.

Siku hizi nina cherehani yangu. Juzi alikuja binti mmoja ametoka hospitalini, nguo inamning'inia mabegani.

"Nipunguzie, dada," akasema. "Na kitakachozidi ukikate tu, kisinisumbue."

"Haya," nikamwambia.

Alipoondoka nikakunja. Nikapiga pasi pole pole, mpaka mkunjo ukalala kabisa, hata mkono usiujue.