Farasi Aliyekosa Dawa ya Meno

Kwenye kona ya mtaa, Mama Miwani alimsimamisha mumewe, akamfunga kifungo cha juu cha shati kama mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza.

"Leo kazi yako ni moja tu," alimwambia. "Kunyamaza."

"Nikisalimiwa?"

"Itikia. Kisha nyamaza."

"Nikipewa chai?"

"Kunywa. Chai inaziba mdomo vizuri."

Seremala alicheka, maana alijijua. Randa na msumeno vilimtii, uso wake haukumtii hata siku moja. Mkewe akitamani kitu sokoni, hamu huonekana kwanza usoni kwa mume. Wauzaji wote walishamzoea. Walikuwa wakimwacha mama azungumze bei, wao wanamsoma baba.

Na leo haikuwa siku ya kusomwa. Mama Miwani alikuwa ametengeneza na kuuza miwani kwa miaka ishirini na mbili, kwenye kibanda chembamba kiasi kwamba wateja hujaribu fremu wakiwa wamesimama nje, na kwa sababu hiyo habari zote za mji hupitia dirishani kwake. Kati ya habari na habari alipata ugonjwa wa sarafu za zamani za fedha. Zile za farasi, hasa. Zilitolewa miaka kumi tu, farasi upande mmoja na shada la majani upande wa pili, na kila mwaka una tarehe yake. Mama Miwani alikuwa na za miaka tisa. Ya kumi, ya mwaka wa mwisho, ilitengenezwa kwa uchache, na aliitafuta mpaka majirani wakaanza kumwonea huruma.

Miaka mitatu nyuma aliipata moja, inang'aa kama kioo. Aliinunua mbio mbio, akaipeleka kwenye kikao cha wakusanyaji cha Jumamosi akiwa kichwa juu. Karani mmoja wa bandari aliitupia jicho moja tu kwenye lenzi, akairudisha. "Dada," alisema, "hii imeogeshwa. Sarafu ikisuguliwa, thamani imekwisha." Chumba kizima kikacheka. Aliiuza kwa uzito wake tu, kama bangili iliyokatika, na kwa mwaka mzima kikaoni hakuitwa Mama Miwani. Aliitwa Mama Sabuni.

Basi juzi mteja mmoja, akisubiri skrubu ya miwani yake, akamwaga mtama wote. Sista amefungua kopo la vifungo la marehemu baba yake, akakuta ndani yake sarafu mbili za farasi, na zote mbili za mwaka ule wa mwisho. Mama Miwani alikosea skrubu mara tatu. Sasa alikuwa na akiba ya miezi kumi na minne ndani ya pochi, na akiba hiyo haikuwa na nafasi ya kosa la pili.

Sista alikuwa muuguzi mstaafu, lakini mtaa mzima uliendelea kumwita hivyo, na yeye aliendelea kuwaangalia watu kama anayetaka kuwapima homa. Nyumba yake ilijaa. Mdogo wake, ambaye hapo nyumbani wote walimwita Mama Mdogo, alikaa juu ya mkono wa kochi ingawa kochi lenyewe lilikuwa tupu. Mkamwana wa Sista, msichana mwepesi wa miguu na wa maneno, alikuwa anaingia na kutoka na vikombe. Mlangoni walisimama majirani wawili ambao walikuja kuazima ungo, na ungo walishapewa zamani.

"Karibu, mwanangu," alisema Sista. "Na huyu ndiye baba?"

"Ndiye," alijibu Seremala, akanyamaza.

"Mpole," alisema Mama Mdogo. "Wa kwangu angekuwa mpole hivi, nisingezeeka mapema."

Seremala aliona bora ajifiche kwenye kikombe.

Mkamwana akaleta kisahani kilichofunikwa leso safi. Aliifunua polepole, kama anayemtoa bibi harusi ndani. Kulikuwa na sarafu moja, nyeupe, inawaka. Majirani mlangoni walivuta pumzi.

"Hiyo nimeishughulikia mwenyewe," alisema Mkamwana. "Mswaki, dawa ya meno, nusu saa nzima. Ungeiona ilivyokuwa, ungeitupa."

Mama Miwani alijikaza asikunje uso. Aliishika sarafu kwa ukingo, kati ya kidole gumba na cha shahada, akaweka lenzi kwenye jicho na kusogea dirishani. Hakuhitaji muda mrefu. Michirizi myembamba ilienda yote upande mmoja, kama sakafu iliyofagiliwa kwa ufagio mgumu. Aliinamisha sarafu huku na huku; mwanga haukutembea. Ulikaa pale pale, bapa, ule mng'aro wa chini ya sufuria. Kwenye kona za herufi kulikuwa na uji mweupe uliokauka. Akainusa. Ilinukia mnanaa.

"Umeonaje?" aliuliza Sista.

"Ni safi sana," alisema Mama Miwani, na hapo hakudanganya.

Sista alitaja bei. Ilikuwa bei ya sarafu ambayo haijawahi kuona mswaki. Ilikula akiba yote ya pochi bila kubakiza hata nauli. Mama Miwani alishusha lenzi, akauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa: "Nasikia zilikuwa mbili."

"Ah, ile nyingine." Sista alifungua droo ya meza. "Hiyo iliponea chupuchupu, dawa ya meno iliisha. Ukiitaka, chukua kwa robo ya bei ya mwenzake."

Ilikuwa nyeusi. Si nyeusi ya masizi. Ilikuwa na zambarau kidogo ukingoni, na kuelekea katikati rangi ilifunguka ikawa kama bluu ya shingo ya njiwa. Wakusanyaji huiita ngozi, na haipatikani ila kwa kuachwa miaka mingi bila kusumbuliwa. Mama Miwani aliiinamisha dirishani. Chini ya weusi, mwanga ulizunguka sarafu nzima, kama maji yanavyozunguka kwenye beseni.

Akaenda moja kwa moja mahali ambapo farasi hawa huchakaa kwanza. Bega: limejaa. Paji la uso: limejaa. Nywele za shingo zilikuwa zimeachana moja moja, na pua ilikuwa na matundu mawili. Kwenye zile tisa alizo nazo nyumbani, pua zote zilikuwa zimezibwa na vidole vya watu. Huyu hakuwahi kupita mikononi mwa mtu. Ametoka kiwandani, akaingia kwenye vifungo, akalala.

Akarudisha sarafu kwenye kisahani na kupiga miayo ya uongo. Kwa bahati mbaya Seremala naye alikuwa ameichungulia, na uso wake ulikuwa umefunguka kama dirisha la asubuhi. Mama Miwani alimkanyaga mguu chini ya meza.

"Baba ana nini?" aliuliza Mama Mdogo.

"Chai ya moto," alisema Seremala.

"Hii nyeusi nyeusi," alisema Mama Miwani, "kwa robo bei, labda naweza kuichukua. Ya kuchezea tu."

"Ya kuchezea," alikubali Sista.

Mama Miwani aliinamia pochi yake, akaanza kupekua taratibu, maana mtu anayetoa pesa haraka huulizwa maswali. Alisikia Mkamwana akikusanya vikombe. Alimsikia Seremala akikohoa. Kikohozi kikarudi, na mara ya tatu kilikuwa kama cha ng'ombe. Aliinua kichwa. Mumewe alikuwa ametoa macho pima, anaonyesha mlango wa jikoni kwa kidevu. Kisahani hakipo mezani.

"Sarafu iko wapi?"

"Usijali, mwanangu," alisema Sista. "Amekwenda kuisugua. Jana alinunua dawa mpya. Mgeni hatoki nyumbani kwangu na kitu kichafu."

Jikoni bomba lilifunguliwa.

Kama angekaa kimya, angeondoka na kitu cha Mama Sabuni kwa robo bei. Kama angesimama, robo bei ingekufa hapo hapo. Alisimama kabla hajamaliza kufikiri. Pochi ilidondoka, naye aliikimbilia jikoni sarafu yake kama anayekimbilia maziwa yanayochemka.

"Acha, mwanangu, naomba. Usiiguse na huo mswaki."

Mkamwana aligeuka. Mswaki ulikuwa mkono wa kulia, na dawa juu yake ndefu kama kucha. Farasi alikuwa kwenye bakuli la maji.

"Umeshaanza?"

"Nimeilowesha tu. Nilikuwa nasubiri ilainike."

Mama Miwani aliitoa kwa ukingo, akaomba kitambaa laini, akaibonyeza taratibu bila kusugua, upande huu kisha upande ule. Akaweka lenzi. Jikoni palikuwa pamejaa sasa, mpaka wale wa ungo. Alitafuta mchirizi mmoja, hata wa unywele. Begani hakuna. Kwenye uwanja mtupu nyuma ya mkia, pale panapoumia upesi, hakuna. Aliinamisha, na mwanga ukazunguka mzunguko wake wote. Maji matupu hayamdhuru farasi. Alishusha pumzi, halafu akamgeukia mumewe.

"Ulimwona akiichukua?"

"Nilimwona."

"Na hukusema?"

"Ulinikataza nisiongee."

Mama Mdogo alicheka mpaka akashika friji. Sista hakucheka. Alikuwa mlangoni, mikono kifuani.

"Mwanangu," alisema, "nimetazama watu wodini miaka thelathini na nane. Anayekimbia hivyo hakimbilii kitu cha robo bei. Niambie."

Mama Miwani aliona hakuna kona ya kujificha. Aliwaita wote dirishani, akaweka sarafu mbili pamoja, akampa Sista lenzi na kumwonyesha: michirizi ya mswaki kwa yule mweupe, pua iliyozibwa kwa uji wa mnanaa, mng'aro uliokufa. Kisha mweusi. Sista alikaa na lenzi muda mrefu.

"Ana matundu ya pua," alisema. "Huyu anapumua."

"Ndiyo maana nilikimbia, Mama."

"Baba alituficha mnyama mzima ndani ya vifungo."

"Usiuze," alisema Mama Mdogo papo hapo. "Dada, sasa umemjua, usimuuze."

Mama Miwani akawahi kabla Sista hajajibu. Akataja bei ya haki: ile ile aliyoombwa kwa sarafu nyeupe, akiba yote. Ile nyeupe, akaeleza, thamani yake ni fedha iliyomo tu, na mwenye kosa si mtu, ni mswaki. Mkamwana alitazama mswaki wake kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.

"Swali moja," alisema Sista. "Msichana asingeingia jikoni, ungeondoka naye kwa robo. Ungelala usiku?"

Mama Miwani alilitafuta jibu la heshima, hakulipata.

"Ningelala kama mtoto, Mama. Mpaka saa tatu asubuhi."

Kwanza walicheka wale wa ungo, halafu Mama Mdogo, halafu Sista mwenyewe, kicheko kilichomlazimisha avue miwani na kufuta macho.

"Ungenijibu kwamba roho ingekusuta, ningekufukuza na farasi ningebaki naye," alisema. "Lete pesa. Mtu asiyejua kudanganya akiulizwa, huyo atamtunza. Ila yule mweupe abaki hapa."

"Nitamfanya kidani cha shingoni," alisema Mama Mdogo, ambaye hakuulizwa.

Seremala aliokota pochi sebuleni na pesa zikahesabiwa juu ya friji. Biashara ikaisha. Mama Miwani akanyoosha mkono kupokea sarafu yake.

"Subiri kidogo," alisema Sista, akarudisha lenzi jichoni. "Nimuage."

Akamuaga. Halafu Mama Mdogo akasema na yeye hajaona pua. Mkamwana akasema kama kuna mtu ana haki ya kuona pua ni yeye aliyetaka kuizamisha. Wale wa ungo wakapanga foleni, mmoja akamwita dada yake kupitia dirishani, dada akaja na mwanawe mgongoni, na Seremala akapata nafasi ya kumweleza kila mmoja habari za bega na paji la uso kana kwamba yeye ndiye mtaalamu. Mama Miwani alisimama kando ya sinki, mikono mitupu, akiwa mwenye mali asiye na mali, anafuata sarafu kwa macho kutoka mkono hadi mkono.

"Kwa ukingo, jamani," alikuwa anarudia. "Kwa ukingo. Na wewe uliyekula andazi, futa vidole kwanza."