Chakula cha Mzee

Mdogo wangu Jofrey alimzika baba yetu mara mbili siku moja. Kwanza kwa udongo, kama wazikwavyo watu wote. Kisha kwa mdomo. Na aliyempigia simu aje kuzika ni mimi, Roda, kwa hiyo nikimlaumu yeye nalaumu na kidole changu.

Baba, Zabron, alikuwa chini ya marudi, yaani adhabu ya kanisa, tangu mimi nikiwa msichana. Hakuwa mlevi wala mwizi. Kitinda mimba wetu, Gwantwa, alifariki kabla ya kubatizwa, na wazee wa kanisa hapa Igamba wakasema kengele haipigwi kwa asiyebatizwa. Baba akauliza, "Sasa mtoto wangu yuko wapi?" Mzee mmoja akamjibu kwamba nje ya ubatizo ni nje ya uzima, na nje ya uzima kuna moto tu. Baba alivaa kofia yake humo humo kanisani, akatoka, hakurudi tena. Tangu siku hiyo alikuwa akimwambia kila aliyetaka kusikia, "Mungu yupo. Moto huo haupo. Mungu gani anachoma kitoto?" Kwa maneno hayo wakamtenga.

Mama aliendelea kwenda ibadani peke yake, na kitambaa chake cheupe cha umoja wa wanawake. Akirudi Jumapili anamkuta baba amebandika maharage. Yeye atasema moto upo, baba atasema haupo, halafu wanakula. Siku nyingine baba akichelewa shambani, mama anamwekea chakula chake na kukifunika kwa sahani. Sisi watoto tulikua tukijua kwamba chakula cha mzee hakiguswi, hata mzee akirudi kesho. Ukikigusa, utakula fimbo badala ya ugali.

Baba alifariki msimu wa kuchuma kahawa. Kanisa likasema aliyefia kwenye marudi hapati kengele, hapati mchungaji wala kwaya. Nikawaka. Nikampigia Jofrey, ambaye ana kanisa lake la uamsho kule Chapwa, mjini Tunduma. Nikamwambia, "Njoo umzike baba yako, asiingie ardhini kama mbwa."

Alikuja na spika na mtu wa kurekodi. Nikaona sawa, angalau baba atapata heshima. Pale kaburini, katikati ya mibuni, Jofrey akashika kipaza sauti na kusema, "Ndugu zangu, mimi ni mtoto wake wa kumzaa, lakini Neno halina upendeleo. Huyu mzee alimkana Mungu hadharani. Ninapozungumza sasa hivi, baba yangu yuko motoni. Msimfuate!"

Watu walilia. Wengine walisogea mbele kuokoka, wakikanyaga udongo wa kaburi ambao bado ulikuwa mbichi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama hakulia. Aliinuka kwenye mkeka, akajifunga kanga vizuri, akaingia ndani.

Ile video ikazunguka kwenye simu. Waliiangalia Tunduma nzima, wakaiangalia na ng'ambo ya mpaka, Nakonde. "Mchungaji asiyempendelea hata baba yake!" Kanisa la Chapwa likajaa mpaka watu wakawa wanakaa nje chini ya maturubai.

Huku Igamba, mama alikunja kitambaa chake cheupe akakiweka sandukuni. Kanisani hakwenda tena. Miguu ikaanza kuvimba, na daktari wa Vwawa akatuambia moyo umechoka. Lakini kila jioni, kabla hajala, alimega ugali, akaweka na mboga, akafunika kwa sahani.

"Mama, unamwekea nani?" niliuliza.

"Namwekea mwenyewe."

Asubuhi anawapa kuku, jioni anaweka kingine.

Mchungaji wetu wa hapa alipokuja kumshirikisha Chakula cha Bwana kitandani, mama alimtazama usoni. "Nikila hiki nitakwenda mbinguni?"

"Ndiyo, mama."

"Basi sitaki. Mume wangu yuko motoni, mwanangu kasema kwenye spika. Huko nani anamwekea chakula? Zabron hajui kupika zaidi ya maharage. Nimekaa naye ujana wote, uzeeni nimkimbie?"

Mchungaji alifunga mkoba wake akaondoka bila kumaliza chai. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikampigia Jofrey, nikamweleza neno kwa neno.

Kesho yake alishuka basi Mlowo, akachukua bodaboda, akafika kwetu bila spika. Alikuwa amekonda, shati linamcheza shingoni. Alimkuta mama ameketi kwenye kigoda kando ya kichanja cha kuanikia kahawa, anachambua punje mbovu kwa vidole vilivyovimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mchungaji."

Tangu apate huo uchungaji, mama hakuwahi kumwita hivyo.

Jofrey akapiga magoti penye vumbi. "Mama, nakuomba. Ukifa hivi utapotea."

"Nitapotea na mwenzangu."

"Labda baba alitubu moyoni, dakika ya mwisho. Hatujui."

"Mimi najua. Nilikuwa nimempakata. Aliuliza kama kuku wameingia, akakata roho."

Kicheko kilinitoka, Mungu anisamehe. Jofrey hakucheka. Mama aliacha kuchambua.

"Wewe una uhakika baba yako yuko huko?"

"Maandiko yanasema, mama."

"Maandiko nayajua kabla hujazaliwa. Nakuuliza wewe. Siku ile uliposhika kile kidude, ulikuwa na uhakika?"

Jofrey alitazama kahawa kwenye kichanja. Alipoanza kuongea sauti ilikuwa ya yule Jofrey wa zamani, aliyekuwa akikojoa kitandani na kunisingizia mimi. "Niliona watu ni wengi, mama. Nikaona ni nafasi."

Mimi niliona aibu kana kwamba nimevuliwa nguo mimi.

"Basi neno la kaburini hufutwa kaburini," mama akasema. "Kamwite baba yako mdogo alete maji."

Huku kwetu, ukisema neno baya juu ya marehemu, utasimama kaburini mbele ya ndugu, utatoa yote yaliyo moyoni, utatia maji mdomoni na kuyapuliza chini. Hapo neno limetoka. Jofrey amehubiri dhidi ya jambo hilo tangu alipookoka.

"Mama, hayo ni mambo ya mizimu."

"Na spika ni mambo ya nani?"

Jofrey aliondoka akaenda kusimama nyuma ya banda la kuku. Nikamfuata. Alikuwa ameegemea ukuta, machozi yanamtoka na hayafuti.

"Sema tu baba hayuko motoni, yaishe," nikamwambia.

"Dada, nikisema hayuko, nimedanganya juu ya jambo ambalo nimelihubiri maisha yangu yote. Nikinyamaza, mama anapotea. Na anapotea kwa mdomo wangu mimi."

"Kwani huo moto unauamini kweli?"

"Zamani niliuhubiri tu. Sasa hivi nauamini." Akanitazama. "Wewe je?"

"Mimi mchana siuamini. Usiku nauogopa." Nikavuta kamasi. "Na mimi ndiye niliyekupigia simu uje. Hilo nalo sijui nitaliweka wapi."

Tulisimama pale, watu wazima na mvi zetu, tukisikiliza kuku wakiparua. Mwishowe akavua saa akaitia mfukoni, sijui kwa nini, akaenda kumwita baba mdogo.

Baba mdogo Andongwisye, mdogo wake marehemu, alikuja na maji kwenye kikombe cha bati. Yeye na mambo ya moto hawajuani kabisa. Husema moto anaoufahamu ni wa kuchomea matofali, na kwamba waliokufa hawaendi mbali, wako hapo hapo wanatusikia tukisengenyana. Mama tulimbeba na kiti chake hadi kaburini.

Jofrey alipokea kikombe.

"Baba," akasema, akasita. "Baba, nilisema uko motoni. Sikukuona ukiingia. Nilisema kwa sababu watu walikuwa wengi na nilitaka wanisikie. Sijui uko wapi. Anayejua ni Mungu peke yake. Nimekukosea, nimemkosea na mama."

Akatia maji mdomoni, akapuliza. Yalitoka vibaya, kwikwi ikamshika, nusu yakamlowesha kifua. Baba mdogo alitazama udongo, akatikisa kichwa kukubali. "Limetoka," akasema, akachukua kikombe chake.

Mama alikuwa amefumba macho. Nikadhani amesinzia. Kumbe anasubiri.

"Haya, Jofrey," akasema. Alimwita Jofrey. "Sasa lete hicho chakula chako."

Jofrey alikimbia ndani kama mtoto aliyetumwa dukani na kuahidiwa pipi. Akarudi na mkoba wake na kigoda kingine, akatandika kitambaa juu yake, akasoma maneno huku sauti inakatika. Akampa mama kipande cha mkate. Mama akala. Akampa kikombe, akanywa. Mimi nilikuwa nalia kwa furaha, mzigo wote umeshuka mgongoni, hadi nilipoona mikono ya mama inashughulika na pindo la kanga.

Alikuwa amekula nusu. Nusu nyingine aliiweka penye pindo, pale wanawake tunapofungia hela, akapiga fundo.

"Mama," Jofrey akasema taratibu, "mkate huo unaliwa wote."

"Wangu nimekula. Huu wa mzee."

"Si nimefuta lile neno, mama? Umenisikia."

"Nimekusikia, mwanangu, na Mungu akubariki. Lakini umesema hujui aliko. Mimi nami sijui. Sasa mtu akiwa hajulikani aliko, unamwekea chakula au unamaliza?"

Mchungaji anayetikisa maturubai ya Chapwa aliketi chini kando ya miguu ya mama iliyovimba, akainamisha kichwa, na mama akamwekea mkono kisogoni.

Mama alitutoka kabla kahawa haijakauka vichanjani. Kengele alipigiwa, tena ndefu, ikasikika hadi mashamba ya bondeni. Nilipoisikia niliumwa, maana nilijua mwenyewe asingeifurahia peke yake.

Wanawake tulimwosha, tukamvalisha, tukamfunga kitambaa chake cheupe. Kanga ile tulimrudishia kiunoni, na fundo liko pale pale. Enesi, mke wa baba mdogo, alilipapasa akataka kulifungua. "Marehemu habebi kitu," akasema. "Na huu ni mkate wa Bwana, hauzikwi. Muulizeni mchungaji."

Nikaenda mlangoni nikamwita Jofrey. Nje watu walikuwa wamejaa kuliko siku ya baba, na wengi walikuwa wameshainua simu zao wakisubiri atasema nini. Aliingia, nikamwonyesha lile pindo. Aliligusa kwa vidole viwili. Mkate ulikuwa umekauka, ukasagika kidogo ndani ya kitambaa, tukausikia.

"Tufungue?" nikamuuliza. "Wewe ndiye unayejua."

"Sijui, dada," akasema.

Fundo lilikuwa limelegea. Jofrey akainama, akalikaza kwa meno.